Sindano ya kaka yangu na chanjo ya Warusi

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, kwenye simu iliyokuwa imejaa habari ile ile tangu asubuhi. "Shikamoo shangazi. Baba anauliza, ile sindano ya tumboni aendelee nayo au aache asubiri chanjo ya Warusi?" Kaka yangu ana saratani ya tezi dume. Sindano anayoisema ni goserelini, ambayo wauguzi wengi huiita kwa jina la biashara, Zoladex: kijiti cheupe chembamba, urefu wake kama punje mbili za mchele zikiunganishwa, kinachopenyezwa chini ya ngozi ya tumbo kwa sindano nene kila baada ya siku 28. Nikamjibu marahaba, mwambie baba yako asithubutu kuiacha. Kisha nikabaki nacheka peke yangu, kicheko kisicho na raha. Dawa aliyotaka kuiacha ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa vipande vile vile vinavyounda protini. Na kati ya zile alizoambiwa azisubiri, mojawapo nayo ni peptidi.

Tangu Septemba 2025 habari ya chanjo ya saratani kutoka Urusi inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, inapoa, kisha inarudi na picha mpya. Wenye matumaini wanasema saratani imepatiwa dawa. Wenye shaka wanasema ni propaganda. Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinaichukulia tiba ya peptidi kama mlango mpya ambao ama umefunguka leo au haupo kabisa. Mlango huo uko wazi tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Tiba za saratani zilizotengenezwa kwa peptidi zina matawi kadhaa. Tawi linalopigiwa tarumbeta, yaani chanjo, ndilo lenye ushahidi mwembamba kuliko yote. Matawi yenye ushahidi mnene yako kwenye makabati ya hospitali zetu, au yangeweza kuwapo, na hayo hakuna anayeyasambaza kwenye simu.

Kwanza tuweke sawa kilichosemwa. Katika jukwaa la uchumi la Vladivostok, Veronika Skvortsova, mkuu wa wakala wa tiba na biolojia wa serikali ya Urusi, alisema chanjo yao iko tayari, kwamba lengo la kwanza ni saratani ya utumbo mpana, na kwamba katika majaribio ya awali uvimbe ulipungua au kuchelewa kukua kwa kati ya asilimia 60 na 80. Majaribio ya awali maana yake ni yale yanayotangulia binadamu. Hadi taarifa ilipofika kwenye simu za Dar es Salaam na Mombasa, asilimia 60 hadi 80 ilikuwa imekuwa 100, maabara ilikuwa imekuwa wodi, na jina lililobandikwa juu yake lilikuwa Enteromix. Lakini Enteromix ni mradi mwingine kabisa, mchanganyiko wa virusi vinne visivyo na madhara makubwa vinavyotumwa kushambulia uvimbe. Kuna mradi wa tatu, wa mRNA, uliotangazwa Desemba 2024 kwa ahadi ya kutolewa bure. Na ile aliyoizungumzia Skvortsova ni Oncopept, ambayo ndiyo ya peptidi, inayolenga utumbo mpana. Vitu vitatu vyenye njia tofauti na hatua tofauti vilitiwa kwenye chungu kimoja, vikakorogwa, vikapakuliwa kama mlo mmoja.

Lugha yetu nayo imesaidia kukoroga. Kuchanja ni kukata ngozi, na chanjo kwa msomaji wa Kiswahili ni kovu la begani, ni matone ya polio, ni foleni ya kina mama kliniki. Chanjo humkuta mzima ili asiugue. Hizi zinazozungumzwa humkuta mtu ambaye tayari anaumwa, mara nyingi ameshafanyiwa upasuaji, na kazi yake ni kuifundisha kinga ya mwili iwatambue adui waliobaki. Ukimwambia mtu "chanjo ya saratani", picha anayoipata ni ya kundi la kwanza. Kwa maana hiyo ya kwanza, chanjo za saratani tunazo na zinafanya kazi. Ile ya HPV, inayozuia saratani ya mlango wa kizazi, Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Ile ya homa ya ini aina ya B, iliyomo ndani ya chanjo ya watoto wachanga, inapunguza saratani ya ini. Nimeona kwenye kundi moja mzazi akituma habari ya Warusi kwa furaha asubuhi, na jioni akiuliza kama ni kweli kwamba chanjo ya shuleni inafunga kizazi. Si kweli.

Sasa peptidi yenyewe. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, peptidi ni mnyororo mfupi wa vipande hivyo hivyo, kuanzia viwili hadi kama hamsini. Insulini, yenye asidi amino 51, inakaa mpakani, na kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari inaijua tabia yake: haimezwi, kwa sababu tumbo haliitofautishi na kipande cha nyama. Hiyo ndiyo nguvu na udhaifu wa dawa hizi. Zimefanana na ishara ambazo mwili wenyewe hutumia kuzungumza, kwa hiyo zinafika kwenye kitasa sahihi bila kugonga milango mingine mingi. Lakini mwili umezoea kuzikata ishara zake upesi, maana ishara isiyokatika ni kelele. Peptidi nyingi za asili huishi dakika chache tu kwenye damu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya dawa hizi ni ya wakemia kutafuta namna ya kuuchelewesha mkasi.

Sindano ya kaka yangu ilianzia kwenye bongo za nguruwe na kondoo. Andrew Schally na Roger Guillemin, kila mmoja na maabara yake na kila mmoja akitaka kumtangulia mwenzake, walisaga maelfu kwa maelfu ya vipande vya ubongo vya wanyama wa machinjioni ili kupata chembe ya homoni inayoiamuru tezi ya pituitari. Mwaka 1971 muundo wake ulijulikana: asidi amino kumi tu. Mwaka 1977 wakashiriki tuzo ya Nobel. Kwa kawaida ubongo huitoa homoni hii kwa mapigo, kama mtu anayebisha hodi, anatulia, kisha anabisha tena. Pituitari husikia, inatuma amri, na korodani hutengeneza testosteroni. Wakemia walibadilisha asidi amino mojawapo katikati ya mnyororo na kurekebisha mkia, dawa ikawa na nguvu zaidi na haikatiki haraka. Ikiwekwa mwilini ikavuja kidogo kidogo kwa mwezi mzima, hodi inakuwa haina kikomo, na mwenye nyumba anaziba masikio. Testosteroni inaporomoka hadi kiwango cha mtu aliyehasiwa. Saratani ya tezi dume, ambayo kwa kawaida hulishwa na homoni hiyo, inakosa chakula. Dawa ya kwanza ya kundi hili, leuprolidi, ilikubaliwa Marekani mwaka 1985, na goserelini ikafuata miaka michache baadaye.

Angalia kwamba kabla ya masikio kuzibwa, mwenye nyumba husikia kelele kwanza. Wiki ya kwanza au mbili testosteroni hupanda, na mgonjwa ambaye saratani imeshafika kwenye uti wa mgongo anaweza kupata maumivu makali au hata kupooza miguu. Ndiyo maana daktari makini hutanguliza vidonge vya kuzuia homoni hiyo kabla ya sindano ya kwanza. Hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu ya hoja nitakayoirudia kuhusu wanaosema peptidi ni kitu cha asili kisichodhuru.

Kuna tawi la pili la zamani zaidi, na hili lina historia ya nyumbani ambayo ningependa tuijue kuliko tunavyoijua. Mwaka 1940 Selman Waksman na Boyd Woodruff walipata aktinomisini kutoka kwa bakteria wa udongoni. Molekuli yake ina peptidi mbili zilizojipinda kama pete, zinazobebwa na kiini kinachojichomeka ndani ya DNA na kuifungia seli njia ya kusoma maagizo yake. Sidney Farber wa Boston akaitumia miaka ya 1950 kwa watoto wenye uvimbe wa figo unaoitwa Wilms, na hadi leo, pamoja na dawa nyingine ya kemo, vinkristini, na upasuaji, ni sehemu ya tiba ambayo katika nchi tajiri inaponya takriban watoto tisa kati ya kumi. Bleomisini, iliyogunduliwa Japani na Hamao Umezawa miaka ya 1960, ni peptidi yenye sukari juu yake. Dawa hizi hazikupita Afrika Mashariki kama mgeni wa njiani. Kampala, pale Mulago, kituo cha kutibu limfoma, saratani ya matezi, kilifunguliwa mwaka 1967, kikakua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka 1973 timu iliyokuwa na daktari bingwa wa upasuaji Sebastian Kyalwazi ilichapisha jaribio lililowagawa wagonjwa kwa kura, likipima aktinomisini D pamoja na vinkristini dhidi ya saratani ya Kaposi, inayoonekana zaidi kwenye ngozi. Haya yalikuwa maswali yetu, kwa wagonjwa wetu, yakiulizwa kwa njia kali kuliko zote zilizokuwapo wakati huo. Baadaye, ukimwi ulipoisambaza Kaposi, bleomisini na vinkristini zikawa dawa ya kawaida katika wodi nyingi za ukanda huu, mpaka jaribio lililochapishwa mwaka 2020, lililofanyika Kenya na nchi nyingine za Afrika pamoja na Brazil, likaonyesha kwamba dawa nyingine ya kemo, paklitakseli, inazishinda. Peptidi ikaondolewa kwa ushahidi, kama ilivyoingia kwa ushahidi. Anayesema kwamba teknolojia hizi ni anasa ya watu wengine, na kwamba Mwafrika hana la kufanya ila kupokea au kukataa, hajasoma kilichofanyika Mulago miaka hiyo.

Tawi la tatu ndilo ninaloliona kuwa zuri kuliko yote kwa akili yake. Homoni ya somatostatini ina asidi amino 14 na huishi dakika mbili tatu. Wakemia waliipunguza hadi nane, wakapata oktreotidi, inayodumu zaidi ya saa moja. Uvimbe fulani wa kongosho na utumbo, ule unaotokana na seli za homoni, hujaza vitasa vya somatostatini kwenye ngozi yake ya nje. Hapo mtu akafikiri: kama peptidi inajua nyumba, kwa nini isibebe mzigo? Ukiifunga kwenye galiamu-68, madini yenye mionzi, unapiga picha ya kila mahali ugonjwa ulipo. Ukiifunga kwenye lutetiamu-177, yenye mionzi ya kuua, peptidi hiyo hiyo inapeleka mionzi hadi ndani ya seli na kuiua kutoka karibu. Jaribio la NETTER-1, lililochapishwa mwaka 2017 kwa wagonjwa 229, lilikuta kwamba baada ya miezi 20 asilimia 65 ya waliopewa mionzi hiyo ugonjwa wao ulikuwa haujasonga mbele, dhidi ya asilimia 11 ya wale waliopewa oktreotidi peke yake kwa dozi kubwa. Ulaya iliikubali mwaka huo huo, Marekani Januari 2018. Sikuona ujumbe wowote wa WhatsApp.

Labda kwa sababu lutetiamu haina subira. Nusu ya nguvu yake hupotea kila baada ya siku sita na saa kadhaa. Hesabu yake ni rahisi: ndege iliyoibeba ikichelewa siku moja, karibu sehemu moja ya kumi ya dawa imeshayeyuka ikiwa uwanjani. Huwezi kuiweka akiba kwenye bohari ya dawa, huwezi kuiagiza kwa mwaka mzima, na karatasi ya forodha iliyokaa mezani kwa wiki ni dozi iliyotupwa. Inahitaji chumba chenye kinga ya mionzi, mtaalamu wa fizikia tiba, choo chenye tangi lake, na mashine ya picha iitwayo PET ya kuonyesha nani anafaa. Nairobi mashine hizo zipo. Pasipo na vitu hivyo mgonjwa anapewa rufaa ya India, yaani tiketi mbili, nyumba ya kupanga, na ndugu wa kumsindikiza, mara nne, kwa sababu tiba ni dozi nne zinazoachana wiki nane.

Sasa turudi kwenye chanjo, nami nitajitahidi kuwatendea haki wenye shaka kabla ya kuwapinga kidogo. Wazo la chanjo ya peptidi ni la kuvutia. Seli zetu huanika nje vipande vya protini zilizomo ndani, kila kimoja kikiwa juu ya kisahani kinachoitwa HLA, ili askari wa kinga wapite wakikagua. Seli ya saratani nayo huanika, na baadhi ya vipande vyake ni vya ajabu. Tengeneza kipande hicho maabara, kichome kwa sindano pamoja na kichocheo, askari wajifunze sura ya adui. Miaka ya 1990 wengi waliamini kazi imekwisha. Mwaka 2004 Steven Rosenberg na wenzake wa taasisi ya saratani ya Marekani walifanya jambo ambalo watafiti wachache huwa na ujasiri nalo, wakajumlisha matokeo yao wenyewe: kati ya wagonjwa 440 waliowachanja, ni asilimia 2.6 tu ambao uvimbe wao ulipungua kwa kiwango kinachohesabika. Mwaka 2010 ikaja aibu ya aina yake. Katika jaribio lililoipa dunia ipilimumabu, dawa ya kinga dhidi ya melanoma, aina ya saratani ya ngozi, peptidi ya gp100 ilitumika kama kundi la kulinganishia. Waliopata gp100 peke yake waliishi miezi 6.4 kwa wastani wa kati, waliopata ipilimumabu peke yake miezi 10.1, na waliopata zote mbili miezi 10. Chanjo haikuongeza chochote. Rindopepimuti, peptidi ya saratani ya ubongo iliyotabiriwa makubwa, ilimaliza jaribio lake la mwisho kwa miezi 20.1 dhidi ya 20. Orodha ni ndefu na nikiendelea nitaonekana nina kinyongo.

Na kuna doa ambalo kwa msomaji wa kwetu ni zito zaidi. Visahani vya HLA vinatofautiana kati ya mtu na mtu, na peptidi inayokaa vizuri kwenye kisahani kimoja hudondoka kwenye kingine. Chanjo nyingi za kizazi kile, gp100 ikiwamo, zilitengenezwa kwa kisahani kinachoitwa HLA-A*02:01, kwa sababu karibu nusu ya watu wenye asili ya Ulaya wanacho. Waafrika tuna aina nyingi zaidi za visahani kuliko watu wa bara lingine lolote, na hicho kimoja si cha wengi wetu. Kwa maneno mengine, hata kama chanjo ile ingefaulu, mgonjwa wa Songea au Kisumu angeweza kufika na nauli yake mkononi akaambiwa kisahani chako hakifai. Hoja hii huisikii kwa wenye shaka wa mtandaoni, wanaopenda zaidi habari za njama, wakati ndiyo hoja yao bora.

Upande wa matumaini nao si mtupu. Kilichobadilika ni kuacha kumtafutia kila mtu kipande kimoja, na kumshonea kila mgonjwa nguo yake. Mwaka 2017 timu ya Boston ilichukua uvimbe wa melanoma wa wagonjwa sita waliokwisha kufanyiwa upasuaji, ikasoma DNA yake, ikatafuta mabadiliko yaliyomo kwenye uvimbe tu, ikatengeneza hadi peptidi 20 kwa kila mmoja. Wanne walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa baada ya miezi 25. Watu sita si ushahidi, ni kidokezo, lakini ni kidokezo kizuri. Njia ya mRNA, inayouagiza mwili utengeneze vipande hivyo wenyewe, imefika mbali zaidi: katika jaribio la wagonjwa 157 wa melanoma, chanjo ya Moderna ikiongezwa kwenye dawa ya kinga ilipunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi au mgonjwa kufariki kwa asilimia 44. Mwishoni, kinachoanikwa kwenye kisahani ni peptidi ile ile, imepita barabara nyingine. Kuna pia ELI-002, ambapo peptidi zinazoonyesha kosa la jeni iitwayo KRAS zimefungwa mkia wa mafuta unaodandia protini ya damu hadi kwenye matezi ya limfu. Kwa wagonjwa 25 wa kongosho na utumbo, 21 kinga yao iliamka. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo tusubiri. Na Agosti 2025, mwezi mmoja tu kabla ya kelele za Vladivostok, chanjo ya peptidi ya kampuni ya IO Biotech ya Denmark ilimaliza jaribio kubwa la melanoma: miezi 19.4 bila ugonjwa kusonga, dhidi ya 11. Inaonekana ushindi, sivyo? Lakini ilipungukiwa kidogo sana na kigezo cha takwimu kilichowekwa kabla ya jaribio kuanza, kwa hiyo inahesabika kuwa imeshindwa. Ndivyo sayansi yenye nidhamu inavyojinyima. Linganisha na asilimia 100 isiyo na idadi ya wagonjwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni mbili na zinatoka pande tofauti. Ya kwanza inasema dawa ipo, wakubwa wanaificha ili waendelee kuuza kemo. Kampuni zile zile zinazodaiwa kuficha zimetumia mabilioni kwenye peptidi zilizoshindwa hadharani, na zimechapisha kushindwa kwao kwa tarakimu. Aliyenacho angekiuza kwa bei ya kutisha, hiyo ndiyo lawama ya haki dhidi yao, na ni kinyume kabisa cha kuficha. Ya pili ni ya wauzaji wa mtandaoni, wanaonufaika na jina. Siku hizi vichupa vya unga mweupe vinauzwa kupitia Instagram kama "peptidi za kurekebisha mwili", BPC-157 na ndugu zake, kwa ahadi kwamba kwa kuwa ni mnyororo wa asidi amino basi ni kama chakula. Bleomisini ni mnyororo wa asidi amino na inaweza kukausha mapafu ya mtu hadi akafa. BPC-157 katika wanyama huchochea mishipa mipya ya damu, na uvimbe wa saratani huishi kwa mishipa mipya ya damu. Mtu mwenye saratani kujidunga kitu hicho kutoka kwenye kichupa kisichojulikana kilipojazwa ni jambo ambalo sina neno la upole kwalo.

Tukikubali haya, swali la kuwauliza viongozi wetu linabadilika. Anayeuliza chanjo ya Urusi itafika lini anauliza kuhusu kitu ambacho, hata kikifaulu, kitaanzia maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya uvimbe. Chanjo ya mtu mmoja mmoja haina kichupa cha kuagiza: inahitaji kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa vizuri, mashine ya kusoma DNA, programu ya kukisia visahani ambayo imefunzwa kwa data nyingi za Wazungu na chache za kwetu, na mgonjwa ambaye ugonjwa wake unaweza kusubiri wiki nyingi. Wagonjwa wetu wengi hufika hatua ya tatu au ya nne. Kwa hiyo shilingi inayowekwa leo kwa wataalamu wa patholojia na kwa data ya HLA ya watu wa Mwanza na Mombasa inahudumia chanjo ya kesho, na wakati huo huo inahudumia mgonjwa wa leo anayesubiri majibu ya kipimo cha uvimbe mwezi mzima. Sioni uwekezaji mwingine wa saratani unaolipa mara mbili namna hiyo.

Na swali la peptidi tulizonazo ni la bohari. Goserelini hufanya kazi kwa kutokatika. Mwaka jana kaka yangu alifika dirishani mara mbili mfululizo akaambiwa haipo, jaribu famasi za nje. Nje ipo, kwa bei ambayo mstaafu hawezi. Hodi ikikoma, mwenye nyumba anaanza kusikia tena, homoni inapanda, na ikiletwa sindano baada ya pengo refu, ile kelele ya mwanzo inaweza kurudi. PSA yake, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ilikuwa imeshuka vizuri. Baada ya pengo lile ikapanda.

Daktari alimkumbusha njia nyingine, ya Charles Huggins wa Chicago, aliyeonyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa korodani kunafanya kazi ile ile. Ni upasuaji mdogo, wa siku moja, haurudiwi, hauishiwi kwenye bohari. Kwa nchi isiyoweza kuhakikisha sindano kila siku 28, kuna wataalamu wanaosema kwa dhati kwamba ndiyo tiba ya haki zaidi, na kwa hesabu ya fedha siwezi kuwapinga. Ninachopinga ni kumwita anayekataa mjinga. Kaka yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama atakuwa bado mwanamume, akajibiwa kwamba hata sindano humfikisha kiwango kile kile cha homoni. Akanyamaza kidogo, akasema anajua, ila sindano ukiiacha vitu vinarudi. Huo ndio uhuru mdogo alionao, na unategemea gari la dawa kufika kwa wakati.

Tarehe yake ijayo ni Jumanne. Mpwa wangu ameshapiga simu famasi ya hospitali kuuliza kama imo. Wamesema apige tena Jumatatu.